Donda linazidi kila likisafishwa thieta: je, kaka yangu ana wadudu kweli?

SWALI

Shikamoo Daktari,

Naandika nikiwa hospitali, mama amejilaza kwenye benchi nje ya wodi. Mgonjwa ni kaka yangu, ana miaka 34, anaendesha bodaboda hapa Morogoro. Mwishoni mwa Februari aligongwa na gari dogo, mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ukavunjika. Ngozi haikuchanika. Alifanyiwa operesheni, akawekewa chuma na skrubu, na baada ya siku chache akaruhusiwa akiwa na hali nzuri, mshono mkavu.

Hazijatimia wiki mbili tangu operesheni, pembeni ya mshono kikatokea kipele chenye usaha, kidogo kabisa. Mama alidhani ni uzi unatoka. Kesho yake kilikuwa kimepasuka na kuacha shimo, na kabla wiki haijaisha mshono ulikuwa umeachia karibu nusu yake. Homa ikaja. Kilichotutisha zaidi ni maumivu, maana huyu ni mtu aliyevunjika mguu barabarani na hakutoa chozi, lakini sasa shuka likimgusa tu anapiga kelele.

Tukamrudisha hospitali. Wakasema mshono umeingiwa na wadudu, wakamwanzishia sindano na kumpeleka thieta kukwangua nyama iliyokufa. Akitoka thieta donda huwa safi, jekundu, linatia moyo. Siku ya pili au ya tatu kingo zinageuka zambarau, ngozi inalegea, na chini yake panachimbika. Wamebadilisha dawa, wamemrudisha thieta tena, na kila mara donda linaishia kuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Sasa limepita kiganja changu. Usaha umeoteshwa maabara mara mbili, majibu yote yanasema hakuna kilichoota.

Juzi nikaona jingine. Mkono wa kushoto, pale alipotolewa kanula ya dripu, pameota kipele, na sasa ni kidonda kidogo chenye kingo za rangi ile ile. Nesi alisema huenda kanula ilikaa muda mrefu.

Sukari wamempima, iko sawa. Virusi vya UKIMWI hana. Hana ugonjwa mwingine ukiacha tumbo lake la miaka yote, anaharisha damu na makamasi, anakunywa dawa za amiba linatulia, halafu linarudi.

Sasa daktari wa mifupa ametuambia kwamba ikiendelea hivi mguu utakatwa kabla sumu haijaingia kwenye damu. Baba mdogo, ambaye ndiye anayetusaidia gharama, anasema tusaini, bora uhai. Mama anasema hili ni donda ndugu la kutupiwa, anataka tumtoe hospitali tumpeleke kwa mtaalamu kijijini. Na jirani yetu mwenye duka la dawa, nilipomwonyesha picha kwenye simu, akasema huo ni ugonjwa wa ngozi, nimchukulie prednisolone anywe kimyakimya.

Naomba uniambie, inawezekana kweli si wadudu? Na nikimuuliza daktari wa mifupa swali hilo, sitakuwa nimemvunjia heshima?

Dada wa mgonjwa, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana wewe, mama na kaka.

Ndiyo, inawezekana kabisa. Kama ningekuwepo kwenye raundi ya wodi yenu kesho asubuhi, ningeomba fomu ya kukata mguu iwekwe pembeni kwanza, hadi daktari wa ngozi amwone kaka yako na kinyama cha ukingo wa donda kipimwe. Siwalaumu madaktari wenu. Mshono ulioachia wiki mbili baada ya mtu kuwekewa chuma, wenye homa na usaha, mara nyingi huwa umeingiwa na bakteria kweli, na daktari anayechelewa kuusafisha humhatarishia mgonjwa maisha. Walianza pale panapostahili kuanzia. Lakini donda la bakteria likishakwanguliwa vizuri na mgonjwa akapata dawa inayofaa, hutulia. La kaka yako linakua kila linapopitiwa na kisu, na hiyo ndiyo sababu ya kusimama na kuuliza upya.

Upo ugonjwa wenye tabia hiyo. Unaitwa pioderma gangrenosamu, na ukimtajia daktari jina hilo ataujua. Hausababishwi na bakteria wala fangasi na hauambukizi mtu yeyote. Kuna chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili, ambazo kazi yake ni kukimbilia penye jeraha na kupambana na vijidudu. Katika ugonjwa huu zinamiminika kwenye ngozi kwa wingi ingawa hakuna kijidudu cha kupambana nacho, na zinaiozesha ngozi ya mwenyewe. Jeraha lolote linaweza kuziita, na operesheni ni jeraha. Ndiyo maana donda mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za kwanza, wakati ule ule ambao kila daktari wa upasuaji yuko macho akitafuta maambukizi. Mkikwangua mnaongeza jeraha, na nyutrofili nyingine zinakuja. Ni kuchokoza mzinga wa nyuki kwa nia njema ya kuusafisha.

Kuna mambo mawili kwenye barua yako ambayo umeyaandika kwa kupita tu, na kwangu ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote.

La kwanza ni hicho kidonda cha kanula. Ngozi kuota kipele cha usaha na kisha donda mahali palipochomwa sindano tu, madaktari huita pathaji. Huonekana kwa takriban robo ya wenye ugonjwa huu, pengine zaidi kidogo, kwa hiyo mgonjwa asiyekuwa nayo bado anaweza kuwa nao. Ni kweli kanula nayo huingiza bakteria, nesi hakusema jambo la ajabu. Lakini kidonda cha mkononi chenye kingo za zambarau zilizochimbika kwa chini, sawasawa na donda la mguuni, kwa mtu mmoja, ndani ya wiki hizo hizo? Hicho lazima daktari akione kwa macho yake. Usisubiri akifunue mwenyewe, maana kwenye raundi macho yote huenda mguuni. Mwambie, “Daktari, naomba uangalie na mkono huu.”

La pili ni tumbo. Mwaka 1930 madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani, Brunsting, Goeckerman na O'Leary, ndio walioupa ugonjwa huu jina lake. Walieleza wagonjwa 5, na 4 kati yao walikuwa na kolaitisi ya vidonda, yaani ugonjwa wa kinga ya mwili unaochubua utumbo mpana mpaka mtu anaharisha damu na makamasi. Nao pia, kwa wakati ule, waliamini kuna bakteria nyuma ya donda. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba karibu nusu ya wagonjwa wana ugonjwa mwingine unaokwenda sambamba nalo: wa utumbo, wa viungo kama baridi yabisi, au wa damu. Wanaolipata baada ya operesheni wengi hawana kitu kingine, lakini kaka yako ana dalili ya wazi na hakuna aliyeifuatilia. Amiba ipo, na inaharisha damu. Ila mtu anayetumia dawa za amiba mwaka hadi mwaka na ugonjwa unarudi, anahitaji kupimwa choo vizuri na kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu wako wengi mitaani wanaomeza metronidazole kila baada ya miezi michache bila kuwahi kupimwa. Kamera ya utumbo haihitaji kuwahi kabla ya mguu. Habari ya tumbo ndiyo inayopaswa kuingia kwenye faili leo.

Sasa kwa nini ni rahisi kuchanganya? Kwa sababu karibu kila kitu ambacho sisi watu wa kawaida tunakichukulia kuwa ushahidi wa wadudu, donda hili nalo linacho. Homa linaleta. Chembe nyeupe za damu hupanda, na kipimo cha CRP kinachoonyesha mwili una mwako, yaani kinga imechokozeka, nacho hupanda. Usaha unatoka, maana usaha wenyewe kwa sehemu kubwa ni hizo nyutrofili zilizokufa, na ukiutazama tu kwa macho hauwezi kukuambia kama ziliitwa na bakteria au zilijileta. Hata harufu inaweza kuwepo, kwa kuwa donda lolote lililo wazi hukaliwa na bakteria juu juu.

Ndiyo maana majibu ya maabara yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Pamba iliyopitishwa juu ya donda ikiotesha bakteria, haithibitishi kwamba ndio wanaokula nyama. Na isipootesha, kwa mgonjwa aliye kwenye sindano za antibiotiki, haithibitishi kwamba hawapo. Dawa inaweza kuwa imewazuia kuota tu. Wataalamu wa mifupa walikubaliana mwaka 2018 jinsi ya kuthibitisha maambukizi kwenye mfupa uliovunjika: bakteria wa aina moja waonekane katika angalau sampuli 2 zilizochukuliwa ndani kabisa, karibu na mfupa na chuma, kila moja kwa kifaa chake. Inashauriwa zichukuliwe kama 5. Alama nyingine inayotosha yenyewe ni tundu linalofika moja kwa moja kwenye mfupa au chuma, au usaha uliokutwa ndani wakati wa operesheni. Muulize daktari kwa utulivu: mlipofungua, usaha ulikuwa juu kwenye ngozi na mafuta, au ulitoka kwenye chuma? Jibu la swali hilo ni kubwa kuliko majibu yote mawili ya maabara mliyonayo. Picha ya eksirei nayo isaidie, kuona kama skrubu zimelegea au mfupa unaliwa, ingawa wiki za mwanzo eksirei inaweza kuonekana safi hata kama maambukizi yapo.

Vilevile kuna donda linalofanana sana na hili ambalo ni maambukizi, na halingoji. Bakteria wakali wanaokula nyama chini ya ngozi husambaa kwa saa. Asubuhi wekundu uko kifundoni, mchana uko gotini. Ngozi inageuka kijivu au nyeusi, ukiibonyeza inatoa mlio wa mapovu kwa chini, mgonjwa anachanganyikiwa, anapumua kwa haraka, presha inashuka, mikono inakuwa ya baridi. Hilo likitokea, madaktari wafungue haraka na wakisema mguu ukatwe ili aishi, msiwacheleweshe kwa barua yangu. Kaka yako, kwa ulivyoeleza, ameishi na donda hili kwa wiki kadhaa, linasogea kwa siku na si kwa saa, na bado anaongea na nyinyi. Ndiyo maana nasema mna nafasi ya kuuliza.

Maumivu nayo yana neno. Umesema shuka likigusa anapiga kelele. Maumivu yanayozidi kabisa ukubwa wa donda ni tabia ya ugonjwa huu, japo hata hao bakteria wakali huumiza hivyo mwanzoni. Kuna donda jingine lenye kingo zilizochimbika kwa chini, linaloitwa kwa jina la Buruli, eneo la Uganda, na linapatikana pia Kongo. Hilo linatokana na bakteria wa ukoo wa kifua kikuu, na mara nyingi haliumi kabisa. Mtu akiwa na donda pana, limechimbika, na unaligusa hana habari, fikra ziende huko. La kaka yako ni kinyume chake.

Nigusie kidogo wasomaji wengine walio na jamaa aliyetoka operesheni ya mfupa, maana si kila wekundu ni balaa. Wekundu unaowasha kuliko kuuma, wenye vijipele vya maji na umbo la plasta au mahali dawa ya kusafishia ilipopakwa, mara nyingi ni mzio. Mabaka makavu yenye magamba kufuata mstari wa kovu yanaweza kuwa soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi. Hayo yaonyeshwe daktari, lakini hayachimbi nyama.

Turudi kwa kaka. Mwaka 2018 jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilitoa vigezo vya kutambua pioderma gangrenosamu. Kikuu ni kimoja: kinyama kilichokatwa ukingoni mwa donda kionyeshe nyutrofili zimejaa. Juu ya hicho kuna vidogo 8, na mgonjwa awe na angalau 4. Nikisoma barua yako naona kipele cha usaha kilichogeuka donda ndani ya siku 4 za kutokea; naona kingo zilizochimbika na zenye maumivu; naona pathaji mkononi. Tumbo litahesabika likithibitishwa. Kigezo kingine ni kwamba maambukizi yametafutwa na hayakupatikana, na hapo kazi bado haijakamilika. Ndiyo maana nakuambia uwezekano ni mkubwa, sikuambii ndiyo wenyewe.

Na nasisitiza hivyo kwa sababu kosa la upande wa pili lipo pia. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulikusanya wagonjwa 95 walioambiwa wana ugonjwa huu kumbe wana kitu kingine: mishipa ya damu iliyoziba, mwako wa mishipa, saratani, fangasi, maambukizi mengine. Wengi walikuwa wamepewa dawa za kushusha kinga kwa miezi, na baadhi yao dawa hizo ziliwaharibia zaidi. Kwa hiyo jirani yako wa duka la dawa huenda amebahatisha jina, lakini ushauri wake ni wa hatari. Nakuomba sana, usimpe kaka yako prednisolone kwa siri. Kama kuna bakteria kwenye mfupa, unawafungulia mlango. Kama hakuna, utakuwa umebadilisha sura ya kinyama kabla hakijakatwa, na daktari akitazama majibu hataelewa anachokiona. Tena kabla mtu wa kwetu hajaanza dozi kubwa ya steroidi, yaani dawa za kushusha kinga kama hiyo prednisolone, inabidi aangaliwe kifua kikuu, homa ya ini B na sukari, na apewe dawa ya minyoo aina ya strongiloidi, mnyoo ambaye anaweza kuishi mwilini kimya kwa miaka na kusambaa vibaya sana steroidi zikiingia. Duka la dawa halifanyi hayo. Wala msizisimamishe antibiotiki wenyewe. Zinaweza kuendelea hadi madaktari waamue.

Ulichouliza mwisho, kuhusu heshima: hutamvunjia heshima. Daktari wa mifupa anayeona donda likimshinda anajiuliza maswali usiku kama wewe. Mwendee mkiwa na baba mdogo, kabla ya raundi au baada yake, si mbele ya wanafunzi na wagonjwa wengine, umwambie: “Daktari, tunakushukuru kwa ulivyomhangaikia. Tumeona kila akitoka thieta donda linakuwa kubwa, na mkononi palipokuwa na kanula pameota jingine, na kaka ana miaka anaharisha damu. Tunaomba kabla ya kukata mguu aonwe na daktari wa ngozi, na kinyama cha ukingoni kipimwe, isije ikawa pioderma gangrenosamu.” Ukimaliza nyamaza umsikilize. Maneno hayo matatu, thieta, mkono na tumbo, daktari yeyote aliyesoma ugonjwa huu yatamgusa.

Kinyama kikatwe kidogo, kwenye ukingo wa donda pamoja na ngozi ya jirani inayoonekana nzima, na si katikati penye uozo ambapo hakuna cha kusoma. Kigawanywe: kipande kiende kwa wataalamu wa kusoma nyama, kingine kioteshwe bakteria, fangasi na vijidudu vya ukoo wa kifua kikuu. Usiogope nikisema kisu kinaongeza donda halafu naagiza kukata. Kinyama hiki kina ukubwa wa punje na manufaa yake yanazidi hatari hiyo kwa mbali. Kama hospitali mliyopo haina daktari wa ngozi, ombeni rufaa au daktari wenu apige simu. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha wataalamu tangu 1992, na waliopita pale wamesambaa katika hospitali nyingi za mikoa, wakiwemo matabibu. Huenda yupo jengo la pili kutoka hapo mlipo. Picha nazo zisaidie: piga donda kila siku saa ile ile, weka rula pembeni, usitumie flashi. Mfululizo wa picha unaoonyesha kabla na baada ya kila thieta utamweleza daktari wa ngozi kwa dakika moja mambo ambayo faili lote halisemi.

Hadi hapo, donda lishikwe kwa upole. Bandeji isiyogandamana na nyama, ilowanishwe kwa maji ya dripu kabla ya kubanduliwa, isivutwe ikiwa kavu. Spiriti na dawa za kutoa povu zisimwagwe humo. Apewe dawa ya maumivu ya kutosha nusu saa kabla ya kufungwa, na hili mliombe bila kuona aibu, kwani hakuna tuzo ya kuvumilia. Na damu ikihitajika, ichukuliwe kwa mara moja yote inayotakiwa badala ya kumchoma kila siku.

Kama itathibitika, matibabu yanageuka upande mwingine kabisa. Thieta inasimama, na anaanzishiwa steroidi au ciclosporin, dawa nyingine ya kushusha kinga, kwa dozi ya uzito wake, akiangaliwa kila siku mwanzoni. Mara nyingi maumivu ndiyo yanayotangulia kupungua, kisha kingo za zambarau zinafifia na donda linaacha kutanuka. Kufunga ndiko kunakochukua muda. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015, wagonjwa 121 walipewa ama prednisolone ama ciclosporin. Dawa hizo mbili zilifanana, na baada ya miezi 6 waliopona kabisa walikuwa karibu nusu. Nakutajia idadi hiyo ili baba mdogo asije akasema dawa imeshindwa ikifika wiki ya tatu donda bado liko wazi. Kinachotazamwa mwanzoni ni kama limeacha kukua. Steroidi zina gharama zake pia: sukari, presha, na mfupa uliovunjika unaweza kuunga polepole zaidi, kwa hiyo daktari wa mifupa na wa ngozi lazima wazungumze wao kwa wao. Inawezekana pia wakakuta vyote viwili kwa pamoja, bakteria kwenye chuma na ugonjwa huu kwenye ngozi, na hapo watatibu vyote. Dawa isikatishwe ghafla hata siku akijisikia mzima.

Kuhusu baba mdogo: mwambie kwamba kama ni ugonjwa huu, kukata mguu hakuumalizi. Kisiki nacho kina mshono, na mshono huo unaweza kuota donda lile lile. Hilo peke yake linatosha kuwafanya msubiri majibu ya kinyama, maadam hali yake ya jumla imetulia.

Na mama. Usibishane naye. Ameona donda linalokula mtoto wake huku dawa zote zikishindwa, na watu wa zamani walikuwa na jina la donda la namna hiyo kwa sababu walikuwa wanaliona. Mwambie tu kwamba ombi lako ni moja: donda lisifukiziwe, lisichanjwe, lisitiwe majani, kwa sababu kila kinacholichubua kinalikuza. Akitaka kumsomea dua au kumwombea, amsomee hapo hapo kitandani, tena kaka atafarijika. Kumtoa hospitali ndiko nisikokubali.

Mkishapata jina la ugonjwa, liandikwe kwa herufi kubwa juu ya faili na kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na kaka aikariri. Iko siku chuma kitatakiwa kutolewa, au atahitaji operesheni nyingine yoyote, hata kung'olewa jino, na daktari atakayekuwepo hatakuwa huyu. Ajue mapema, ili ajadiliane na daktari wa ngozi kama ampe dawa ya kutuliza kinga kabla ya kumkata, na akate pale tu panapolazimu.